Arobaini kwa Arobaini

"Ulibonyeza nini?" Mama aliuliza kwa mara ya tatu, na mara hii hakuwa anauliza tena, alikuwa anafoka.

"Kawaida. Nimeshakwambia. Kawaida."

"Siku ngapi?"

"Zote."

"Usininong'oneze. Sema nisikie."

"Nimesema zote, Mama. Siku arobaini zote nimebonyeza kawaida, hata sikuwa nasikiliza kinauliza nini. Umesikia sasa?"

Redio ya jirani ikapunguzwa. Sisi tunakaa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, chumba na ukumbi, ukuta mmoja na watu wa pili, kwa hiyo ukigombana na mzazi wako saa nne asubuhi mtaa mzima unapata taarifa. Nikashusha sauti. Mama hakushusha.

"Nimekuzaa, nimekusomesha mpaka kidato cha sita, nikakwambia kaa na hicho kidude, ni macho yangu hayo. Kazi yenyewe kubonyeza. Kubonyeza tu, Mwinshehe. Hata kuku anadonoa."

"Na nani alisema nikinyamazishe?"

Hapo nilikosea, najua. Lakini nilishafungua mdomo.

"Si wewe? Kilipouliza mbele ya wanawake wa msibani, je, mgonjwa amelia leo, si ulinitupia jicho ukasema kinyamazishe hicho, kinatuaibisha? Ulitaka nikae pale katikati ya watu nikijibu ndiyo, amelia, amelia saa ngapi, amelia kwa muda gani?"

Mama akaniangalia. Mkononi alikuwa na kofia ya bwana harusi mmoja wa Chumbageni. Mama anashona kofia za mkono, zile za vitobo, kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kinakuwa duara dogo kama jicho la dagaa, na kofia moja ina vitobo zaidi ya elfu. Hii alikuwa ameifumua mara mbili. Safu zilikuwa zinapanda kama barabara ya Lushoto.

"Mfiwa kulia ni jambo la kuripoti kwa mashine?" akasema, taratibu sasa. "Nimefiwa na mama yangu. Nisilie?"

Nikaokota uzi ulioanguka, nikamrudishia.

Ngoja nieleze, maana nikiendelea hivi utanipotea.

Mama ana presha ya kichwa. Siyo ile ya kufungwa kitambaa mkononi kikavimba. Hii iko ndani ya fuvu. Yale maji yanayouzunguka ubongo yanajaa kupita nafasi iliyopo, na hakuna anayejua kwa nini. Walimpiga picha zote. Hakuna uvimbe, hakuna damu iliyoganda, hakuna kitu. Dokta Nakiete aliandika kwenye faili "presha isiyo na sababu inayojulikana", akamwambia Mama kwamba inawapata zaidi wanawake wa rika lake, na kwamba hata yeye ingempata asingejua imetokea wapi. Kichwa kinauma zaidi ukilala. Masikioni unasikia feni mbovu inayokwenda na mapigo ya moyo. Ukiinama kuokota kitu, giza, sekunde mbili tatu, halafu dunia inarudi. Na siku moja hairudi yote. Maji yanabana neva ya jicho kwa nyuma, neva ikikaa kubanwa inakufa, inaanzia pembeni inakuja katikati, polepole, mwenyewe unadhani ni taa za siku hizi hazina nguvu.

Basi wakamwekea punje. Ni kweli ina ukubwa wa punje ya mchele, iko nyuma ya sikio la kulia, chini ya ngozi na chini ya mfupa. Inapima presha kila sekunde. Ikizidi ile ya kawaida yako inafungua, maji yanashuka kwa mrija mwembamba kama unywele mpaka tumboni, mwili unayanywa, yameisha. Tatizo ni kwamba kila mtu ana kawaida yake. Kwa hiyo siku arobaini za mwanzo punje haifungui. Inakaa kimya inasikiliza, kwa sababu ikifungua itakuwa inajisikiliza yenyewe. Wewe unameza vidonge unasubiri. Na pembeni lazima awepo shahidi, mtu wa nyumbani, amevaa kidude kama kifungo kikubwa cha koti, na kila jioni kinamhoji kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Mgonjwa amelala juu ya mto? Amekohoa sana? Amelia? Amebeba mzigo? Ukijibu si kawaida kinakuongezea maswali kumi na tano. Ukijibu kawaida kinasema ahsante.

Siku ya tatu ya kusikiliza, Bibi Mwamvua akafariki, Pangani. Mama ni binti yake wa pekee. Akaapa hapandi kitandani mpaka khitma ya arobaini isomwe. Akalala kwenye mkeka, sakafuni, bila mto, kichwa sawa na miguu. Akilia. Akikohoa moshi wa jikoni. Kila kitu kinachopandisha presha ya kichwa alikifanya, usiku na mchana, na mi shahidi wake nilikuwa nakimbizana na masufuria na maturubai, kifungo kikilia nabonyeza, kawaida, ahsante. Punje ikasikiliza msiba wa Bibi karibu wote, ikaamini kwamba ule ndio Mama.

Tangu hapo, miezi minne, taa ya punje yake kwenye mashine ya kliniki ni kijani, yaani presha ni ya kawaida. Mama anasema feni bado inazunguka masikioni. Kliniki wanatazama taa wanasema, mama, wewe mbona kijani.

Na sikia hii. Kwa kuwa mkoa mzima hakuna shahidi mwingine aliyekuwa amejibu siku arobaini bila kuruka, mi nikapewa cheti. Arobaini kwa arobaini. Nilikuwa nasubiri matokeo ya chuo, nazurura, wakanichukua niwafundishe mashahidi wapya. Juzi nikaufungua mchoro wa presha ya Mama darasani, nionyeshe mfano mzuri, na bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huo mstari mbona siku ya tatu umeruka juu kama umetishwa na nyoka, na haujashuka tena?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mi. Halafu nikahesabu tarehe.

*

Shekilindi ndiye fundi wa punje pale kliniki. Ni Msambaa wa Mlalo, na Tanga nzima ndiye mtu pekee anayevaa sweta, kwa sababu chumba chake cha mashine kina baridi kuliko kwao. Mama alikaa kwenye kiti mbele yake, mkoba kauweka mapajani, kaushika kwa mikono miwili. Nilimsimulia Shekilindi kila kitu, sikuruka. Akasikiliza, akanikodolea macho.

"Na ule mkeka hukuuandika."

"Sikuuandika."

"Arobaini kwa arobaini," akasema, akatikisa kichwa. "Na picha yako iko pale mapokezi unacheka meno yote."

"Fundi, mwanangu," Mama akaingilia, "mcheke baadaye. Niambie mimi nina nini kichwani."

Shekilindi akavuta kiti chake karibu. Huwa anajua kuongea na wakubwa, hilo nampa.

"Mama, nyumbani mna tangi lenye boya? Lile likijaa maji boya linapanda linafunga koki?"

"Lipo chooni."

"Sasa mtu aje alifunge boya siku ambayo choo kimefurika, maji yako kwenye goti. Boya litajua kwamba maji kwenye goti ndiyo mwisho wa kujaa. Halitafunga koki mpaka yapite goti. Punje yako ni nzima, Mama. Haina ubovu. Imefungwa siku ya mafuriko."

Mama akaitikia kwa kichwa. Nadhani alielewa kuliko nilivyoelewa mimi.

"Irekebishe basi."

"Zipo njia mbili." Shekilindi akanitazama mimi, siyo yeye. "Ya kwanza naandika sababu. Shahidi alijibu uongo. Hapo mfumo unafuta kila ilichojifunza punje ya Mama, na unafuta kwa wote walioanzia kwake."

"Wote nani?" Mama akauliza.

Hiyo nilikuwa sijamwambia. Niliona haya nyumbani, nikaona haya na pale.

Shekilindi akamweleza. Punje zinafundishana. Mgonjwa mpya haanzi na sifuri, anaanzia kwenye kawaida ya mtu aliyesikilizwa vizuri, halafu yake inasogea kidogo kidogo. Tanga hii, aliyesikilizwa vizuri kwenye karatasi alikuwa mmoja. Kwa hiyo wanawake sitini na wawili, kutoka Pongwe mpaka Korogwe, wana boya lililofungwa na msiba wa bibi yangu.

"Ukiandika sababu," Shekilindi akasema, "punje zote sitini na tatu zinafungwa siku hiyo hiyo. Siku arobaini mpya. Vidonge, na sindano ya mgongo kwa atakayezidiwa. Wengi watavuka salama."

"Na mimi?"

Shekilindi akageuza kiti. Akawasha ukuta, ikatokea picha ya nyuma ya jicho, duara la rangi ya chungwa lenye mishipa inayotoka kama mizizi. "Hili la mtu mzima wa afya," akasema. Akaweka lingine pembeni. Lilikuwa limepauka upande mmoja, limevimba kingo, kama embe lililoanguka. "Hili lako la mwezi uliopita."

Mama akasogeza uso karibu na ukuta. Akakaa hapo.

"Halivumilii arobaini nyingine," akasema mwenyewe.

"Sisemi haiwezekani, Mama. Nasema mimi nisingependa."

"Na njia ya pili?"

"Ya pili, shahidi anaweka dole gumba hapa, mimi nafungua kwa ufunguo wangu, naishusha ya kwako peke yako, kwa mkono. Ipo kwa ajili ya dharura. Mfumo hauulizi, mpaka mtu afungue faili lako kukagua."

"Na wale wengine?" nikauliza mimi.

"Mfumo unajikagua wenyewe kila miezi sita. Utaona kasoro."

"Ulijikagua lini mara ya mwisho?"

Shekilindi akavuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole. "Mwezi uliopita."

Miezi mitano, basi. Kile kibao cha dole kilikuwa mezani, kidogo kama sabuni ya hotelini. Nikawa nakitazama tu. Mama akanishika mkono, siyo kwa nguvu, kama anavyonishika tukivuka barabara, akauvuta, akauweka pale juu. Ningeweza kuutoa. Ana mkono mwembamba. Sikuutoa.

Kibao kikasema ahsante kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari.

*

Siku ya kwanza Mama alitapika na kichwa kikamuuma akisimama, kwa sababu maji yalishuka haraka. Siku ya pili alikunywa uji. Siku ya nne niliamka nikamkuta kasimama ukumbini, kainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Imezima," akasema.

"Nini?"

"Feni."

Akaanza kucheka peke yake. Mwaka mzima na nusu ile feni ilikuwa inazunguka, amelala nayo, ameswali nayo. Akachukua sindano akatunga uzi mara moja tu, akanionyesha kama mtoto aliyeota jino. Jioni ile alifumua kofia ya Chumbageni akaianza upya, na safu zikaenda zimenyooka. Akaniita mara tatu niione. Mara ya tatu nilijifanya nina kazi, maana nilikuwa nawaza wale sitini na wawili.

Kesho yake, wala sijasahau, alikuja Mwalimu Zalfa.

Nilikuwa napanga viti vya darasa la mashahidi. Akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, baibui yake ina vumbi la chaki begani, kidole kimoja kinapapasa fremu ya mlango kabla hajapita. Nikadhani anatafuta swichi.

"Samahani, kaka. Wewe ndiye yule wa pale mapokezi? Wa arobaini?"

"Ndiye mimi, karibu, dada."

"Mwalimu Zalfa. Natokea Muheza." Akakaa kiti cha mwisho, akashusha pumzi. "Nimewaona madaktari wawili, wameniangalia taa, kijani, wananiambia nina wasiwasi, nipumzike. Nikasema nimtafute huyu kijana, yeye siyo daktari, labda atanisikia. Nina swali moja. Naomba usinifiche."

"Uliza tu."

"Mtu anaweza kuwa kijani na bado haoni?"

Nilikuwa nimeshika kiti. Nikaendelea kukishika.

"Unaona vipi?" nikamuuliza.

"Katikati naona. Nakuona wewe, umevaa shati la mistari, hujalala vizuri. Pembeni ndiyo kama mtu amenivalisha pakacha. Darasani kwangu wameshajua. Kuna kitoto kimoja kinaitwa Ramso, kimehamia dawati la kushoto kabisa, jana kimekula andazi zima na chai ya maziwa mimi nafundisha hesabu za sehemu. Nimekuja kujua kwa harufu." Akacheka kidogo. "Nilikipa adhabu halafu nikaenda chooni nikalia. Sasa najiuliza, nina wazimu? Maana mashine inasema mzima. Mume wangu ndiye shahidi, ni mtu wa dini, hajaruka hata siku moja, kila kitu kaandika, hata nikipiga chafya."

Hapo ndipo palinichoma. Mume wake kaandika hata chafya. Na punje yake haikumsikiliza yeye, ilianza kwa kunisikiliza mimi.

Nilijua kabisa cha kusema. Maneno yalikuwa pale pale. Nikamwona Mama ameinamisha kichwa ukumbini, anasikiliza feni iliyozima. Nikasema hivi:

"Kijani ni kijani, Mwalimu. Mara nyingi ni uchovu."

Akanitazama. Walimu wana namna yao ya kukutazama ukidanganya, nilikuwa nimeisahau tangu nimalize shule.

"Haya," akasema. "Ahsante, mdogo wangu."

Akasimama. Chumba kina ngazi moja ndogo pale mlangoni, imepakwa rangi ya njano ili watu waione. Aliiruka kwa mguu mmoja akakosa wa pili, akaangukia viganja, mkoba ukamwagika. Madaftari ya wanafunzi. Nikakimbia kumwinua, nikayaokota, mengine yalikuwa upande wake wa kushoto, na yeye alikuwa anapapasa kulia tu, anauliza, "Yameisha? Yameisha yote?" Yalikuwa saba yamebaki, hata nusu hatua hayafiki.

Nikampa yote. Akanishukuru mara ya pili.

*

Nyumbani nilimwambia Mama wakati ananawa mikono, kabla ya chakula cha mchana. Nilitaka nimwambie haraka nisije nikajikuta nimekula kwanza.

"Naenda kwa Dokta Nakiete. Leo."

Hakugeuka. Akamalizia kunawa, akakung'uta maji.

"Kufanya nini?"

"Kusema."

"Kusema umeshasema. Umeniambia mimi, umemwambia Shekilindi. Unataka mpaka msikitini watangaze?"

"Mama, kuna mwalimu wa Muheza anapapasa milango."

"Na mimi nilikuwa napapasa nini? Sikupapasa?" Akaniangalia sasa, macho makavu. "Miezi minne nimekwambia feni inazunguka, ukaniambia kijani, Mama. Ulivyokuwa unanijibu, kidomo juu. Leo wa Muheza amekuuma."

"Ndiyo maana naenda."

"Kaa chini."

"Sikai."

"Nimesema kaa chini, Mwinshehe."

Nikabaki nimesimama. Akakaa yeye, kwenye kigoda kilichoko chini ya dirisha, pale ambapo mwanga ni mzuri. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Wakijua watafungua faili langu la kwanza kabisa. Si ndivyo alivyosema fundi?"

"Ndivyo."

"Watakuta nimeshushiwa kwa mkono. Watafunga."

"Leo hii hii."

"Na hili jicho langu, lile la ukutani lililooza upande. Siku arobaini."

"Nitamwambia Dokta wewe uchomwe sindano ya mgongo kila wiki. Nitamwomba. Nitakaa mlangoni kwake."

"Utamwomba." Akacheka kwa pua. "Yule mwenzako wa sweta, atafukuzwa?"

"Labda."

"Na wewe?"

"Mi nitafukuzwa, siyo labda."

"Ah." Akaivuta kofia iliyokuwa kwenye kapu, akaigeuza geuza. "Sikiliza, nikwambie na mimi kitu. Siku ya kumi ya msiba nilijua. Kichwa kilikuwa kinapasuka pale kwenye mkeka, na jicho la kushoto liliingia giza mpaka nikahesabu ishirini. Nikasema nikiamka nitamwambia Mwinshehe aandike. Halafu nikaona, nikiandikwa wataniambia nipande kitandani, nitumie mto, nisilie. Mama yangu hajafika hata nusu ya arobaini yake. Nikanyamaza. Kwa hiyo usijione umeyaua haya macho peke yako."

Sikujua nifanye nini na mikono. Nikaitia mfukoni, nikaitoa.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia wewe, uliyekuwa unabonyeza bila kusikiliza?"

Redio ya jirani ilikuwa kimya, wanatusikiliza, bila shaka.

"Subiri miezi mitano," Mama akasema. "Mashine itajua yenyewe. Hakuna atakayekulaumu."

"Miezi mitano yule mwalimu hataona hata ubao."

"Mwalimu ana mume. Ana mtu wa kumshika mkono. Mimi nina nani?"

"Una mimi."

"Wewe unaondoka."

"Naenda kliniki, Mama. Nitarudi jioni."

"Utanikuta nimeshafungiwa punje."

Nilisubiri aniambie nisiende, aniambie wazi, ninakukataza, kwa maziwa niliyokunyonyesha, maneno ambayo mama akiyasema mtu huwezi tena kusogea. Nadhani nilitaka ayaseme. Ningekaa. Ningekula ugali wangu, ningeosha vyombo, na kila siku ningesema nilikatazwa na mzazi.

Hakuyasema. Alifungua kikebe cha nyuzi akachagua nyeupe, akatunga sindano mara moja, akaisogeza kofia mpaka kwenye mwanga. Kofia ilikuwa imefika robo. Akaanza kushona, haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, uzi unalia kwenye kitambaa, kitobo, zungusha, vuta, kitobo kingine.

"Yule Dokta anatoka saa ngapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Saa tisa."

"Ukitembea kwa miguu unafika saa ngapi?"

"Saa nane kasoro."

"Wakishaandika, wanafunga pale pale au inachukua muda?"

"Shekilindi alisema kama saa moja hivi. Mpaka zote zipate taarifa."

Nikaona midomo yake inahesabu, saa zilizobaki na safu zilizobaki.

"Basi sogea hapo," akasema. "Unanizibia dirisha."

Nikasogea. Nikatafuta viatu, kimoja kilikuwa chini ya meza. Nikavaa nimeinama, taratibu, nikimpa nafasi, kama angetaka kusema kitu kingine. Sindano haikusimama. Nikamsogelea nimbusu mkono, akahamishia sindano mkono mwingine, akaendelea kushona.

"Chakula nitafunika," akasema.

"Sawa, Mama."

"Funga mlango. Vumbi linaingia kwenye kitambaa."

Nikatoka, nikaufunga.